Ukurasa Unaoshuka Bondeni

Saa moja asubuhi, ukungu wa Bumbuli bado haujaamua kama unaondoka au unabaki. Saumu Singano anafunga mlango wa chumba chake cha kazi, nyuma ya duka la pembejeo, anausukuma kuhakikisha umefunga kweli, kisha anakaa kizingitini na kuvaa mabuti ya mpira.

Begani ana mkoba wenye simu tatu. Ya kwanza kioo chake kimepasuka kutoka kona hadi kona. Ya pili mfuniko wake umefungwa kwa mpira wa kubania hela. Ya tatu ni nzima, ila ni ya zamani kiasi kwamba muuzaji alimwongezea chaja bure ili aichukue tu. Kompyuta ameiacha ndani.

"Nakwenda kazini," anasema, kana kwamba watengenezaji wa tovuti wote duniani huenda kazini na mabuti.

Saumu ana miaka thelathini na minane na ni mama wa watoto wawili. Kwa karibu miaka ishirini riziki yake imetokana na kutengeneza kile ambacho mtu anakiona kwenye kioo anapofungua tovuti: maandishi, picha, rangi, vitufe vya kubonyeza. Leo anateremka kwenda Kwemvumo, kijiji cha wakulima wadogo wa chai kilichokaa chini kabisa ya bonde, kuangalia jambo moja tu. Anataka kuona kama mwanamke anayeitwa Klara Komba ataamini tena ukurasa wake.

"Akiukataa, basi," anasema. "Chama kitaachana na mimi na sitawalaumu. Lakini siyo chama kinachoninyima usingizi. Ni yule mama."

Ukurasa wenyewe ukiuona huwezi kumwita jirani aje aushangae. Ni ratiba ya lori. Chama cha wakulima wa chai kina mabanda kadhaa ya kukusanyia majani, na lori huyazungukia kwa zamu. Majani yakishachumwa lazima yafike kiwandani siku hiyohiyo, la sivyo yanapata joto ndani ya magunia, yanageuka rangi na kukataliwa. Kwa hiyo mkulima anahitaji kujua siku ya lori kabla hajagusa mchai.

Njia ya Kwemvumo inaanza nyuma ya makaburi, inapita kwenye migomba na kisha inajiachia kuelekea chini bila adabu. Saumu anashuka kwa hatua fupi za mtu aliyezaliwa milimani, na mwandishi wa makala haya anashuka kwa makalio. Ni njia nzuri ya kusimuliana habari, maana hakuna anayeweza kukimbia.

Alianzia Lushoto mjini mwaka 2006, akiwa amemaliza kidato cha nne kwao Lukozi, ambako wazazi wake wanalima karoti na kabichi mpaka leo. Alipata kazi katika intaneti kafe ya Kassimu Mbwana: kupokea wateja, kuwapimia dakika na kufuta vumbi kwenye kompyuta. Kassimu alikuwa pia anatengeneza tovuti za nyumba za wageni zinazopokea watalii.

"Kilichonivutia ni maandishi yaliyokuwa yanatembea," anasema Saumu akicheka. "Karibu Usambara, karibu Usambara, yanaingia kulia yanatokea kushoto. Nikasema huyu bwana si bure."

Uchawi wenyewe ulikuwa programu ndogo ya kuandikia, isiyo na rangi wala mapambo, ambayo ilikuja na kila kompyuta. Ukurasa mzima uliandikwa humo kwa mkono, alama baada ya alama, kwa lugha ya HTML. Ukitaka picha ikae pembeni ya maneno, ulichora jedwali, ukaficha mistari yake, kisha ukaweka picha kwenye kisanduku kimoja na maneno kwenye kingine. Ukitaka urembo zaidi, uliweka jedwali ndani ya jedwali.

"Ukisahau kufunga kisanduku kimoja, nyumba nzima inaanguka," anasema. "Kuna siku picha ya kitanda ilihamia kwenye bei za chakula. Mwenye nyumba ya wageni akaja amefura, anauliza tangu lini anauza vitanda na chipsi."

Chini ya kila ukurasa kulikuwa na kihesabio cha wageni waliofungua. Kassimu alikijali sana kihesabio hicho. Kila asubuhi alifungua kurasa zake mwenyewe mara kadhaa ili namba zisilale.

Lakini Kassimu huyohuyo alikuwa mkali kwa jambo moja, nalo ni uzito. Mtandao wa wakati ule ulikuja kwa kuchechemea. Picha iliteremka kwenye kioo mstari kwa mstari, na mteja alikuwa analipia kila dakika ya kungoja. Hakuna picha ya Saumu iliyopita bila kuulizwa itakula dakika ngapi za mtu.

Siku hizi Kassimu anauza vipuri vya simu, Lushoto hapohapo. Anamkumbuka vizuri mfanyakazi wake. "Alikuwa mbishi!" anasema kwa simu. "Anataka kila kitu kiwake na kuzima. Nikamwambia, mwanangu, hapo ulipo wewe ukurasa unafunguka kwa sababu umekalia mtambo. Mwenzako yuko mbali na mtambo."

Maneno hayo Saumu aliyasikia, akayashika miaka mingi, halafu akayasahau kabisa. Tutafika huko.

Mwaka 2008 Kassimu alirudi kutoka Tanga na habari mpya. Kumbe majedwali yote yale hayakuhitajika. Maneno ya ukurasa yangeweza kukaa kwenye faili lake, na sura yake, yaani rangi, ukubwa wa herufi na nafasi, ikaandikwa pembeni kwa lugha ya CSS. Saumu alitumia miezi kadhaa kuyabomoa majedwali aliyoyajenga kwa jasho.

"Siku ya kwanza nilibadilisha neno moja tu, kijani nikaandika bluu. Kurasa zote za tovuti zikawa bluu kwa pamoja. Nilipiga kelele, wateja wakadhani kompyuta imenipiga shoti."

Raha hiyo ilikuja na kero yake. Kila kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa, kilizisoma amri hizo kivyake. Kimoja kilitii, kingine kilisogeza picha nje ya mpaka, na kile cha herufi e ya bluu, ambacho ndicho watu wote wa Lushoto walikitumia, kilikuwa na kichwa kigumu kuliko vyote. Saumu aliandika maelekezo ya kukibembeleza peke yake, kama mtoto asiyekula mpaka asimuliwe hadithi.

Kisha ikaja zamu ya maua. Wenye nyumba za wageni walitaka waridi linalofumbuka mtu akifungua ukurasa, na muziki juu yake. Programu ya Flash iliyafanya hayo, Saumu akajifunza kuyafumbua maua. Baada ya miaka michache simu mpya zikaikataa Flash, na maua yote yakabaki visanduku vyeusi. Waliomlipa kwa ajili ya maua wakamfuata yeye.

"Kazi hii ndivyo ilivyo," anasema. "Kitu unachokijua vizuri kuliko vyote, ndicho kinachokufa kwanza."

Simu ndizo zilizogeuza kila kitu. Mpaka wakati huo ukurasa ulitengenezwa kwa kioo cha kompyuta, na upana wake ulijulikana. Mwaka 2013 mteja mmoja alimwekea simu mezani, akamwonyesha tovuti yake: maandishi yote yapo, madogo kama sisimizi. Saumu akaanza upya tena, akajifunza kutengeneza ukurasa unaojikunja kufuata upana wa kioo chochote. Zikaja seti za vipande vilivyo tayari, vitufe na menyu zilizotengenezwa na watu wengine, wewe unachukua na kupanga. Kazi iliyokuwa ya wiki mbili ikawa ya siku mbili.

Wakati huo alikuwa ameshaolewa na mwalimu wa shule ya msingi na kuhamia Bumbuli. Alijifunza kwa video za mtandaoni, watoto wakilala mchana. Anasema mwezi mzuri unampa hata laki saba, na mwezi mbaya unampa muda wa kufua.

Zana zikazidi kukua. Alipoanza kutumia React, siku ya kwanza alitaka kutengeneza kitufe kimoja tu, na kompyuta ikaanza kupakua mafaili ya kuisaidia, maelfu kwa maelfu. Bando la wiki nzima likakata kabla ya chai ya saa nne. Hata hivyo aliipenda. Ukurasa haukuwa tena karatasi iliyoandikwa. Ulikuwa kitu kinachojijenga mbele ya macho ya mtu, kinachoitisha kila kipande kutoka mbali pale tu kinapohitajika.

Na sasa kuna akili mnemba. Unaiambia kwa Kiswahili unachotaka, inakuandikia. Saumu anaitumia na haoni haya. "Inaandika haraka kuliko mimi, haichoki na haiombi chai," anasema, akishika mgomba ili asiteleze. "Ila haijawahi kufika Kwemvumo. Na mimi pia nilikuwa sijafika. Hapo ndipo tulipopotea wote wawili."

Ukurasa wa kwanza wa ratiba ya lori aliutengeneza mwaka 2019, na anakiri aliutengeneza kwa haraka. Ulikuwa ukurasa mmoja mrefu, maandishi matupu, Jumatatu mpaka Jumamosi, bila picha hata moja. Mwenyekiti wa chama, Mzee Alfred Kaniki, ndiye aliyekuwa akibadilisha siku kutoka ofisini kwake huku juu. Uliendelea hivyo miaka mitano, hakuna aliyeusifia wala kuulalamikia.

Mwaka jana Saumu akapekua takwimu za ukurasa huo. Aliona simu chache sana. Kutoka upande wa Kwemvumo kulikuwa na simu moja tu, inayofungua ukurasa saa kumi na moja jioni, mara moja, na kuondoka.

"Niliona aibu," anasema. "Nikasema watu wamechoka na huu ukurasa wangu wa kizamani. Mtu anachungulia mara moja anakimbia. Nikaamua kuutengeneza upya kwa zana zote ninazozijua."

Ukawa ukurasa wa kupendeza kweli. Juu ulikuwa na picha ya mashamba ya chai yenye umande, na chini yake vitufe vya siku zote za wiki. Ukibonyeza siku, ratiba yake inaitwa kutoka mtandaoni na kujitokeza taratibu. Mzee Alfred alibonyeza akiwa ofisini, kila siku ikatii, naye akampa mkono na kusema sasa chama kimekuwa cha kisasa.

Takwimu hazikumwambia Saumu habari za jiwe.

Chini Kwemvumo hakuna mtandao hata wa kubahatisha. Lakini kwenye ukingo wa bonde, mwendo wa karibu saa moja kupanda, kuna jiwe kubwa ambalo ukisimama juu yake simu inaamka. Kila jioni Klara Komba, ambaye ana simu janja aliyonunuliwa na mwanawe Shukrani, alipanda jiweni, akafungua ukurasa wa ratiba na kuuacha wazi. Kisha alishuka nao mpaka kijijini. Watu waliita kazi hiyo kuchota ratiba. Jua likianza kuzama, majirani walisogea uani kwake kumsikiliza akisoma. Kaya kumi na tisa zilikuwa zinapangia kazi yao kwenye simu ile moja.

"Mimi kwenye takwimu niliona simu moja," anasema Saumu. Anasimama kidogo njiani, na sauti yake inashuka. "Kumbe kilikuwa kijiji."

Mzee Alfred alipoulizwa kwa nini hakumwambia habari za jiwe, alishangaa kwa dhati. "Nilidhani anajua," alisema. "Nani asiyejua jiwe?"

Ilikuwa Novemba, Jumatano. Klara alipanda kama kawaida, akafungua ukurasa mpya, akaona picha nzuri na jina la chama, akashuka. Nyumbani, majirani wakiwa wamekaa, alibonyeza Alhamisi. Pakatokea kiduara kinachozunguka. Akabonyeza tena, kiduara kikazunguka tena. Giza lilikuwa limeshaingia na hakuna mtu anayepanda jiweni gizani. Kwa kuwa miaka yote lori la Kwemvumo huja Alhamisi, aliwaambia watu: kesho ni Alhamisi, chumeni.

Wiki ile udongo ulikuwa umeporomoka barabarani, na lori lilisogezwa hadi Jumamosi. Habari hiyo ilikuwa kwenye ukurasa tangu mchana. Ilikuwa mtandaoni, ikingoja kuitwa.

Kijiji kizima kilichuma, kikabeba na kujaza banda. Walingoja mpaka giza. Asubuhi yake mtu akiingiza mkono kwenye gunia, anautoa una joto. Majani yalikuwa mekundu.

Lawama hazikumfuata Saumu, wala hakuna aliyemjua. Zilimwangukia Klara. Alijitetea kwamba ni simu iliyokataa kufunguka, wakamjibu kwamba simu haina mdomo, aliyesema ni yeye. Mmoja akaongeza neno ambalo bado linamchoma: mtu wa kuja. Wazazi wa Klara walitoka Songea kuja kufanya kazi kwenye shamba kubwa la chai kabla hajazaliwa. Yeye amezaliwa kwenye milima hii, ana miaka hamsini na sita, na hata hasira zake ni za Kishambaa.

Siku ya tatu alipanda mpaka Bumbuli, akaulizia ni nani anayetengeneza ukurasa wa lori, akaelekezwa nyuma ya duka la pembejeo. Saumu anaikumbuka asubuhi hiyo neno kwa neno.

"Shikamoo, mama," alimsalimu.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye ukurasa?"

"Ndiyo mimi, mama. Karibu kiti."

Klara hakukaa. Alifungua pindo la kanga, akamwaga juu ya kibodi ya kompyuta konzi ya majani yaliyoungua.

"Haya ni ya kwangu," alisema. "Ya wenzangu nimeyaacha kule kule, yasingeenea humu. Nimekuja uniambie nimekosea wapi, maana nilifanya kama siku zote."

Saumu alimwomba amweleze hizo siku zote zikoje. Klara akamweleza habari za jiwe, kuchota, na kusoma uani. Alipomaliza, Saumu alikuwa analia, na Klara ndiye aliyelazimika kuketi na kumnyamazisha.

"Hukukosea popote, mama," ndilo jibu alilompa. "Niliyekosea ni mimi."

Alisema hivyohivyo mbele ya wanachama, na alikwenda Kwemvumo kusema tena. Watu walimsikiliza kwa heshima. Lakini neno la Klara lilikuwa limeshavunjika, na yeye mwenyewe alikataa kuliunga. Hakupanda jiweni tena. Alitundika kikapu ukutani, na tangu siku hiyo haanzi kuchuma mpaka asikie kwa masikio yake honi ya lori kwenye kona ya juu, linapofika banda la kwanza. Wenzake wakafuata mtindo huo. Honi ikilia ndipo bonde zima linakimbilia michaini, na lori linaondoka na nusu ya mzigo ambao lingeweza kubeba.

Wakati wa kiangazi hasara hiyo inavumilika. Masika ni kitu kingine. Mvua ikishika, chai inachipua kwa kasi, na jani likipita umri wake halichukuliwi. Mzee Alfred alimpa Saumu muda mpaka mvua zianze.

"Sitakuwa mwamuzi," alimwambia. "Mama Shukrani akisema unafaa, unafaa."

Kwa hiyo Saumu alianza upya, kwa mara ambayo ameacha kuihesabu. Safari hii hakuanza na kompyuta. Alipanda jiweni na simu zake tatu chakavu, akashuka nazo bondeni, akakaa uani kwa Klara na kutazama ukurasa unavyokufa kwenye kila moja. Alirudi Bumbuli, akatengeneza, akashuka tena. Ndipo aliponunua mabuti.

Mwishowe amerudi karibu na pale alipoanzia. Ratiba ya wiki nzima sasa iko ndani ya ukurasa mmoja, maandishi matupu, na uzito wake wote haufikii ile picha moja ya umande. Lakini si ukurasa wa 2019. Ndani yake kuna mbinu ya siku hizi inayoiambia simu iutunze ukurasa wenyewe, hivyo hata simu ikizimwa na kuwashwa bila mtandao, ratiba inafunguka kama ilivyokuwa jiweni. Juu kabisa ameandika kwa herufi kubwa: Ratiba hii ilichotwa, kisha siku na saa. Ikishakuwa ya zamani, rangi inageuka kuwa ya chungwa na maneno yanasomeka: Panda jiweni.

"Mtu wa mjini akiusoma hataelewa," anasema. "Haumhusu."

Jana, Jumanne jioni, baada ya kubembelezwa wiki nzima, Klara alipanda jiweni kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Alichota na kushuka. Lakini ukurasa ulimletea jambo gumu. Kwa ajili ya masika yanayokaribia zamu zimepangwa upya, na lori la Kwemvumo sasa ni Jumatano. Maana yake ni leo. Miaka yote lori limekuja Alhamisi, na bonde zima linajua hivyo.

Tunafika saa mbili na nusu. Nyumba ya Klara imetazama mashamba, na ng'ambo ya kijito zinaonekana nyumba za majirani, moshi ukitoka. Hakuna hata mtu mmoja kwenye chai. Klara amekaa kizingitini, mwembamba, kitambaa cha bluu kichwani, simu mapajani. Kikapu kiko ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mtu wa gazeti aone nikiumbuka tena?"

Saumu anakaa chini kwenye nyasi, mabuti na yote, na kutazama mikono yake.

Klara anawasha simu. Kwenye kona ya kioo alama ya mtandao haina kitu. Ukurasa unafunguka. Anateremsha kidole pole pole, akisoma kwa sauti ya chini: Jumatano, banda la Kwemvumo, saa sita mchana. Alhamisi, Ijumaa, zote zipo. Anaizima simu kabisa. Tunangoja. Anaiwasha, na ratiba ipo palepale.

"Usiku nimeizima na kuiwasha mpaka nimeichosha," anasema. "Haikimbii."

"Haikimbii, mama."

"Na Alfred ana hakika na hii Jumatano?"

"Nimempigia jana na nimempigia leo kabla sijashuka. Na dereva nimempigia."

Klara anaigeuza simu mapajani. Ng'ambo mtoto anaitwa kunywa uji. Saumu anasema baadaye kwamba kungoja huko kulikuwa kurefu kuliko kupakua kitu chochote mwaka 2006.

Kisha mama huyo anainuka, anakaza kitambaa chake, anakitungua kikapu ukutani na kukigonga chini kutoa vumbi. Anatembea mpaka ukingo wa ua, anaweka kiganja mdomoni na kupaza sauti ya Kishambaa inayolivuka bonde zima. Maana yake ni fupi: lori ni leo, chumeni.

Mlango mmoja unafunguka ng'ambo. Sauti ya mwanamume inarudi, nayo ya Kishambaa: nani kasema?

Klara hamwangalii Saumu, wala hainui simu juu.

"Mimi!" anajibu.

Baada ya muda yule mwanamume anatoka na kikapu mgongoni, kisha mkewe, kisha watu wa nyumba ya juu yake. Saumu anaomba kikapu cha akiba, anaingia mstarini pembeni ya Klara na kuchuma vibaya kama mtu aliyekulia kwenye karoti. Leo, anasema, harudi Bumbuli mpaka alione lori kwa macho yake.

Mipango anayo. Kuna mabonde mengine mawili yenye mawe yao, na anataka kuyapanda kabla ya kuyaandikia chochote. Kwao Lukozi wakulima wa mboga wamemwomba ukurasa wa bei za sokoni, naye amewajibu kwamba kwanza aende alale kwao siku chache. Zana zitabadilika tena, hilo analijua, na ataanza upya tena.

"Natamani ifike siku ukurasa wangu usitajwe kabisa," anasema, akitenganisha jani changa na jani zee. "Watu waambiane tu lori ni lini, wachume, waende zao. Hapo nitajua nimefanya kazi."

Saa sita kasorobo honi inalia kwenye kona ya juu. Saumu anashtuka, anasimama, machozi yanamlengalenga, anatazama juu na kumtazama Klara.

Klara hajainua kichwa. Vidole vyake vinaendelea kwenda, na kikapu chake kimejaa mpaka mdomoni.

"Maliza mstari wako, mwanangu," anamwambia. "Bado linapakia banda la juu."